Lenzi Niliyoichagua Nikikaa Eda

Nyote mwaanza vivyo hivyo. Mwabisha hodi, mwaniamkia vizuri, mwasifu halua yangu, na kabla kahawa haijapoa swali lenyewe lishatoka: "Bibi, kwa picha za nyota tununue lenzi ndefu ya milimita ngapi?" Na mimi kila mara nawajibu kwa swali: mwataka kupiga nini, na mtasimamia wapi? Mwacheka, mwadhani ni uzee. Si uzee, wanangu. Swali hilo nililijibu vibaya mimi mwenyewe, nikiwa na miaka thelathini ya kazi mkononi, nikauza lenzi iliyokuwa ikinilisha nikanunua isiyonifaa. Basi leo kaeni niwaeleze ilivyokuwa. Nanyi mkosee makosa yenu mengine; haya yangu nishayamaliza.

Kwa asiyenijua, mimi ni Rukia, mzaliwa wa Malindi. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha harusi, upande wa wanawake. Mume wangu Athman, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani mchana, na usiku wa harusi alikuwa mchukuzi wangu. Alinibebea mkoba hadi mlangoni, akakaa nje barazani na chupa yake ya chai, akazungumza na mabawabu mpaka nitoke, hata kama ni saa nane. Hakuniuliza siku hata moja kwa nini nimekawia. Aliniuliza, "Umekula?"

Lenzi nilifundishwa na mtu mwingine: Fundi Kazungu wa Kibarani, kule Kilifi. Yeye ni fundi wa kamera, Mgiriama, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Siku ya kwanza nilimpelekea lenzi yenye ukungu ndani, ule ukungu wa pwani unaoota kwenye vioo kama utando wa buibui. Nami nilikuwa nishajitibu mwenyewe: nimeifuta kwa ncha ya leso yangu, na leso ilikuwa na mchanga. Aliigeuza mwangani, akanitazama.

"Mama, hii umeifuta au umeisugua kama sufuria?"

"Nimeifuta kidogo tu, fundi."

"Kidogo tu. Ukungu ningeutoa. Mikwaruzo hii utaishi nayo."

Nimeishi nayo. Tangu siku ile sijanunua lenzi kuukuu pasina tochi. Fungueni lote lile tundu lake la kupitishia mwanga, mulikeni kutoka nyuma, mchungulie kutoka mbele. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi nyuzi kama mizizi, mrudishieni mwenyewe na mumshukuru. Na nyumbani msiiweke kwenye mkoba wa ngozi kabatini, huko ndiko ukungu unakozaliwa. Iwekeni kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mimi nilikuwa na sifa mbaya kwa hivyo vifuko. Nikiona mtu ana viatu vipya, salamu ya pili ilikuwa hiyo.

Basi Athman alifariki mwanzo wa kaskazi. Aliugua siku nne. Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi, na hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo sikuwa nimelifikiri wakati nalia: kazi yangu imekwisha. Si kwa ajili ya eda tu, eda ina mwisho wake. Lakini nani atanichukua harusini na kunirudisha saa nane za usiku? Binti yangu Salma ni mwalimu, huamka alfajiri. Harusi tatu nilizokuwa nimezipokea nikamwachia msichana mmoja niliyemfundisha mwenyewe. Nilimwombea dua ya kweli, kisha nikaingia chumbani nikalia upya.

Wifi yangu, Bi Maimuna, dada mkubwa wa Athman, alitoka Mambrui akaja kukaa nami. Ni mtu wa kauli moja. Akisema wali umeiva, hata kama ni mbichi, utauona umeiva.

Siku moja baada ya sala ya magharibi nilipanda darini kuanua nguo. Dari yetu ni ya zege, imezungushiwa ukuta wa kufika kifuani. Nikainua uso, nikakiona Kilimia. Mwakijua, kile kifungu cha nyota sita zilizokumbatiana, ambacho wakulima wetu hukitazama kujua majira. Kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua. Kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Baba mkwe wangu alikuwa na shamba Mambrui na hakutia mbegu ardhini mpaka akisome. Mimi nilikuwa nimekipita miaka yote hiyo, macho yangu yako kwenye nyuso za mabibi harusi. Nikashuka na nguo, nikapanda na kamera.

Nilipachika lenzi yangu ya harusini, ile ya kuvuta inayofika milimita mia mbili, yenye tundu pana. Nikaiweka kwenye stendi ya miguu mitatu, nikapiga. Kilimia kikaja, lakini kidogo kama ukucha wa mtoto. Nikasema, kumbe hii ni fupi. Nataka kikubwa, kijaze picha. Na hapo ndipo shetani wa urefu aliponiingia. Huyo shetani mwamjua, naona mwatazamana.

Harusi hakuna tena, nikajiambia, lenzi ya harusini ya nini? Nikamtuma Salma aiuze, akaninunulia ya mkono wa pili kwa mtu wa Mombasa: milimita mia sita. Ilipofika, Bi Maimuna aliitazama kwenye meza akauliza kama ni ya kupondea kisamvu.

Jioni ile ile nikapanda nayo. Stendi yangu iliyozoea lenzi za harusi ikainama kama mzee mwenye kiuno. Upepo wa kaskazi ulikuwa ukivuma, na kila ulipogusa lile domo refu, nyota zilicheza lelemama ndani ya kamera. Kukipata Kilimia kwenyewe kulikuwa kazi: lenzi ndefu huona kipande kidogo sana cha mbingu, ni kama kutafuta nyumba ya mtu kwa kuchungulia tundu la ufunguo. Nilipokipata, nikaacha kamera wazi kwa sekunde kumi, nikatazama. Si nyota. Tambi. Tambi sita zimelala pamoja, zimekosa sukari tu. Nikapunguza sekunde hadi moja. Tambi zikaondoka, na nyota nazo zikaondoka. Picha nyeusi.

Nikiwa hapo nimeinama, nasikia nyuma yangu:

"Rukia, wafanya nini huku juu?"

"Napiga picha nyota, wifi."

"Mjane hajatimiza arubaini, yuko darini apiga picha. Watu watasemaje?"

"Sijatoka nyumbani. Dari ni ya nyumba."

"Dari ni ya nyumba. Macho ya majirani si ya nyumba."

Siku nyingine ningenyamaza. Siku ile nilikuwa nimeuza lenzi ya maisha yangu kwa ajili ya tambi, na sikuwa na cha kupoteza. Nikakaa chini pale pale kwenye zege.

"Wifi, ndugu yako ndiye aliyekuwa akinichukua na kunirudisha. Harusi siwezi tena. Hii mikono haijui kitu kingine. Nikiacha na hili, itafanya nini?"

Aligeuka, akashuka. Nami nikashuka, nikaifunga lenzi ndani ya mto, na siku tatu sikupanda.

Siku ya nne twachambua mchicha, akaniambia bila ya kuinua uso, "Yule fundi wako wa Kilifi, huna namba yake?"

"Ninayo."

"Basi mpigie. Uweke sauti, nami nisikie."

Nikampigia. "Shikamoo, fundi." "Marahaba, Bi Rukia. Pole sana, mama, pole kwa baba Salma. Nilikuja mazikoni, nilikuwa upande wa wanaume." Sikuwa nimejua kwamba alikuja. Kisha nikamweleza yote, urefu wa lenzi, upepo, tambi, weusi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Ile ya harusini iko wapi?"

"Nimeiuza."

"Umeiuza?"

"Nimeiuza, fundi."

"Basi mama, uliyoiuza ndiyo iliyokuwa jibu."

Bi Maimuna aliacha mchicha.

Sasa sikilizeni alivyonieleza, maana sijapata mtu aliyeeleza vizuri kuliko yeye. Alisema mbingu yatembea. Nyota haisimami ikungoje. Lenzi ikikuza nyota, yakuza na mwendo wake, kwa hiyo kadiri lenzi ilivyo ndefu ndivyo muda wako unavyofupika. Chukua mia tano ugawe kwa milimita za lenzi: hizo ndizo sekunde ulizo nazo kabla nyota haijawa tambi, na kwa kamera za siku hizi chukua nusu yake uwe salama. Lenzi ya mia sita haikupi hata sekunde moja. Na katika muda huo mfupi unataka mwanga mwingi, lakini ile lenzi yangu ilikuwa na mdomo mrefu na koo jembamba kwa urefu wake. Tundu lake halikufunguka zaidi ya sita nukta tatu, na kwa lenzi namba hiyo ikikua, tundu hupungua. Lenzi yenye mbili nukta nane humeza mara tano ya mwanga huo kwa muda ule ule.

"Ukiwa na kile kimashine kinachogeuka na mbingu," alisema, "tungezungumza mengine. Wewe una stendi na dari. Tafuta lenzi ya mia moja hadi mia mbili, isiyovuta, ya urefu mmoja tu, koo pana. Nyota zataka upana kwanza, urefu baadaye."

"Niitoe wapi sasa, fundi, na nishauza?"

"Mtume Salma kwangu Jumamosi."

Salma alirudi na kitambaa cheupe kimefungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na lenzi ya zamani ya milimita mia moja thelathini na tano, mbili nukta nane, ya chuma tupu, ya kuzungusha kwa mkono, pamoja na pete ya kuiunganisha na kamera yangu. Mtalii mmoja aliiacha kwa fundi miaka mingi iliyopita asafishiwe ukungu, akarudi kwao, hakuonekana tena. Fundi alimngoja, akamngoja, kisha akawa anaitumia kupimia mashine zake. Ujumbe wake ulikuwa kwamba nisiirudishe kabla ya kumaliza ninachokitafuta.

Nikapanda tena, na mara hii Bi Maimuna alinifuata amebeba kigoda. Alikaa upande wa upepo, akanyoosha buibui lake kama pazia, kaskazi ikapigana na yeye ikaniacha mimi mama wa watu na kamera yangu. Kwenye stendi nilining'iniza mfuko wa unga wa kilo mbili ili itulie. Mfanye hivyo, hauna gharama, na kesho yake mwapika sima.

Haya niliyojifunza masiku yale nawapa bure. Ile alama ya mwisho kwenye lenzi, ya kitu kilicho mbali kabisa, msiiamini. Yasema uongo kwa joto letu hili. Tafuteni nyota kubwa, ikuzeni kwenye skrini ya kamera, zungusheni pole pole mpaka iwe kidoti kidogo kuliko vyote, kisha bandikeni gundi ya karatasi isiteleze. Halafu pigeni picha moja na mtazame pembe zake nne, si katikati. Katikati kila lenzi ni nzuri, hata mbovu. Pembeni ndipo inapoumbuka. Ile ya fundi, tundu likiwa wazi lote, nyota za pembeni ziliota mabawa kama nondo, na zile kubwa zilijipaka wanja wa zambarau. Nilipolifunga tundu kidogo mpaka nne, mabawa yakakunjwa, wanja ukafutika. Ndiyo maana nawaambia nunueni koo pana kuliko mnalohitaji, ili mpate nafasi ya kulibana.

Na lenzi msiitoe kwenye chumba chenye eyakondisheni mkaipeleka nje moja kwa moja. Hilo nililijua tangu harusini. Niliwahi kukimbia kutoka chumba cha bibi harusi, baridi kama Limuru, nikatoka uani anapoingia bwana harusi na matarumbeta, lenzi ikavaa mvuke, nikapiga picha thelathini za moshi. Mama mtu alinikabili akauliza kama nyumba yao imeungua. Acheni lenzi ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa, izoee hewa, ndipo mfungue.

Lakini pamoja na hayo yote Kilimia changu kilikuwa hafifu. Taa za mtaa zilipaka mbingu rangi ya chai ya maziwa. Nilipiga picha za sekunde mbili mbili, mamia, na Salma akazipandanisha moja juu ya nyingine kwenye kompyuta, nyota zikazidi kutoka, na ile rangi ya chai nayo ikazidi. Wiki zikapita. Kilimia kikaanza kushuka magharibi, kila jioni kiko chini zaidi. Kikizama sitakiona tena jioni mpaka mwaka ule mwingine, na lenzi si yangu.

Jioni moja baada ya isha niko jikoni, mara giza. Stima zimepotea mtaa mzima. Natafuta kibiriti, nasikia sauti ya Bi Maimuna juu ya ngazi, sauti ya mtu aonaye mwizi:

"Rukia! Rukia! Panda upesi, acha chungu! Wametuzimia!"

Alikuwa keshapanda na kigoda chake na mfuko wa unga. Sijapata kupanda ngazi zile mbio namna ile. Juu, Malindi yote ilikuwa nyeusi mpaka baharini, na mbingu imetushukia. Upepo ulikuwa umekufa, maana kaskazi ilikuwa inamalizika. Nikalenga, nikabandika gundi, nikapiga. Tukahesabu pamoja, mimi picha, yeye kwa tasbihi yake. Mara moja tu, kama anajisemea, alisema, "Baba alikuwa akitubeba mabegani kutuonyesha. Mimi na Athman. Athman alikuwa akihesabu saba, nami namwambia mwongo." Nikaendelea kubonyeza. Machozi yalinitoka, nayo hayakuwa ya uchungu.

Stima zilirudi baada ya karibu saa nzima na mtaa ukapiga kelele za furaha. Sisi wawili tu ndio tuliosikitika.

Salma alipozipandanisha usiku ule, Kilimia kilikaa chini, na juu yake ile nyota nyekundu inayokifuata angani, na wenzake. Kilikuwa kidogo, naam, hakikujaza picha, lakini kila nyota ilikuwa duara safi, na kati ya zile kubwa mlikuwa na ukungu wa buluu, mwembamba kama shela. Sikuwa najua upo. Na pale penye zile sita palikuwa na nyingi zaidi. Bi Maimuna alisogeza uso kwenye kompyuta, akahesabu kwa kidole, akarudi mwanzo akahesabu tena.

"Ala," alisema. "Kumbe hakuwa mwongo."

Ile ya mia sita msiidharau. Mwezi huwaka, hautaki muda mrefu, na lenzi ndefu yenye koo jembamba ndiyo dawa yake. Niliibakisha kwa ajili ya kupiga mwezi. Ndiyo maana nawauliza mwataka kupiga nini.

Eda yangu ilipotimia nilioga, nikavaa, nikapokea wageni, na siku ya pili yake nikaenda Kibarani na Salma. Nilikuwa nimeifunga lenzi kwenye kitambaa chake kile kile, kimefuliwa, na picha nimeipiga chapa kubwa nikaitia ndani ya bahasha. Fundi alikuwa uani kwake, amekonda, jicho la kushoto limeingia mtoto wa jicho. Mkewe, Mama Kadzo, alikuwa akipika muhogo upande wa pili. Nikamwamkia, nikampa lenzi. Aliimulika kwa tochi kabla hajaniambia nikae. Kisha nikampa picha.

Akatoa kile kioo chake cha kukuzia, akainama kwenye pembe. Pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. "Zimetulia," alisema. Ndipo akarudisha kichwa nyuma akaitazama picha yenyewe. Aliitazama muda mrefu mpaka nikaona haya, nikadhani ameona kosa.

"Bi Rukia," alisema, "nimezifungua lenzi zako miaka thelathini. Hii ni picha ya kwanza kuiona."

Ilikuwa kweli. Picha zangu zote zilikuwa za wanawake katika mapambo yao, amana niliyopewa, haikufaa mwanamume kuziona, hata huyu aliyesafisha kila kioo kilichozipiga. Alikuwa akizijaribu lenzi zangu kwa kuangalia gazeti lililobandikwa ukutani, ananirudishia, nami naenda zangu. Yeye mwenyewe hakuwahi kumiliki kamera. Miaka yote ile sikuwahi kulifikiri hilo.

"Nisamehe, fundi," nilisema. "Na ahsante. Ahsante sana."

Hakunisikia, au alijifanya hakunisikia. Alikuwa ameinyanyua picha kwa mikono miwili, ameielekeza kwenye mwanga.

"Mama Kadzo!" aliita. "Epua hiyo mihogo. Njoo uone picha yangu!"